Siku ya Kumi na Moja Pangoni

CHERUTO: Haloo? Ni nani?

KIPNGETICH: Cheruto. Usikate.

CHERUTO: Hii namba siijui. Nani?

KIPNGETICH: Ni mimi, Kipngetich. Simu ni ya Levis wa pikipiki. Yangu ukiona jina unazima. Chamgei?

CHERUTO: Chamgei mising, kaka.

KIPNGETICH: Sauti yako imeenda wapi?

CHERUTO: Iko. Imekauka tu. Mama ako sawa?

KIPNGETICH: Mama anasema chakula hakishuki na msichana wake yuko kwa pango. Leo ni siku ya ngapi?

CHERUTO: Kumi na moja.

KIPNGETICH: Na maji?

CHERUTO: Maji niliacha juzi.

KIPNGETICH: Juzi! Cheruto, mwili hauwezi—

CHERUTO: Umeanza. Mimi si form three yako, mwalimu.

KIPNGETICH: Sikia. Jackie, yule mlikuwa mnafunga naye, alitoka huko jana akanipigia. Aliniambia amekuacha peke yako, mapango ya upande wa mawe meusi. Niko Menengai saa hii, kwa ukingo wa kreta. Pikipiki imeishia hapa juu, nashuka na miguu. Nina maji na uji kwa themosi.

CHERUTO: Jackie ana mdomo! Nguvu zilimwishia, sikumlaumu, lakini hiyo mdomo... Rudi, Kip.

KIPNGETICH: Sirudi.

CHERUTO: Hiyo uji utakunywa wewe. Huu mfungo si wangu, ni wako. Nilimwambia Mungu siweki kitu mdomoni mpaka ndugu yangu akiri kwa mdomo wake kuna Mwenye alimuumba. Ni neno moja tu. Na umelilalia kama kuku na mayai.

KIPNGETICH: Yaani yote hii ni yale maneno ya mazishi?

CHERUTO: Mazishi ya baba! Mbele ya kanisa nzima! Unapewa maiki usome historia ya mzee, unasema chuma iliyo kwa damu yake ilipikwa ndani ya nyota, na sasa inarudi kwa udongo—

KIPNGETICH: Na ni ukweli.

CHERUTO: Watu walikula wali wakisema Kipngetich amemfanya baba mbolea.

KIPNGETICH: [anacheka] Nani alisema?

CHERUTO: Shangazi Chepchirchir. Na usicheke. Mama alifunika uso na leso mpaka jeneza likashuka.

KIPNGETICH: Mimi nilikuwa namsifu, aki. Nilitaka wajue mzee alikuwa mkubwa kuliko Olenguruone yetu yote. Vitu vyenye vilimtengeneza vilianza safari kabla hata hii dunia iwe dunia.

CHERUTO: Vikitoka wapi?

KIPNGETICH: Kwa ule mlipuko wa kwanza. Si mlipuko hivyo, ni kupanuka. Miaka bilioni kumi na tatu na kitu.

CHERUTO: Na kabla ya hapo?

KIPNGETICH: [anahema] Ngoja niruke, hapa kuna ufa... Kabla ya hapo hatujui.

CHERUTO: Ahaa. Hamjui.

KIPNGETICH: Hatujui bado. Hilo pia ni jibu.

CHERUTO: Jibu la darasani. Huwezi kumpa mtu amefiwa. Kaka, hata mursik, maziwa tu ya kuchacha, haijitengenezi. Kuna mtu alichoma ule mti, akakwangua kibuyu, ile sotet, na makaa, akamwaga maziwa, akangoja. Ukiikuta kwa meza unauliza nani ameweka. Sasa mbingu yote hii, unaniambia ilichacha yenyewe?

KIPNGETICH: Na huyo mwenye aliweka, nani alimweka?

CHERUTO: Hakuwekwa.

KIPNGETICH: Basi hata kwako kuna kitu hakikuwekwa. Tumekubaliana nusu.

CHERUTO: Wewe— [anakohoa] Wewe ni nyoka.

KIPNGETICH: Kohoa polepole. Angalia huo mwamba umelalia. Huo ulikuwa moto, ukitiririka kama uji. Umri wake unapimika, ni maelfu na maelfu ya miaka. Siku sita zinaingia wapi?

CHERUTO: Adamu aliumbwa mtu mzima. Siku ya kwanza tu ana ndevu. Mungu akitaka mwamba mzee anaumba mwamba mzee, haombi ruhusa kwa mwalimu wa fizikia.

KIPNGETICH: Kwa hivyo anatudanganya na mawe?

CHERUTO: Shh! Usiseme hivyo. Hapa ndani mtu husikika.

KIPNGETICH: Na nani? Si uko peke yako?

CHERUTO: [mtandao unakwaruza] ...huja asubuhi. Anakaa hapo kwa mlango.

KIPNGETICH: Nani huja? Sijasikia.

CHERUTO: Baba. Haniongeleshi. Ananiangalia, halafu anaangalia nyuma yangu, kama mtu anahesabu watoto. Ni wewe anatafuta, Kip.

KIPNGETICH: Cheruto. Hiyo ni kiu. Ubongo ukikosa maji unaona vitu.

CHERUTO: Amevaa gambuti zake za shamba. Ziko na matope.

KIPNGETICH: Ni kiu, mdogo wangu. Naogopa. Skia, mimi naogopa kabisa.

CHERUTO: Mimi pia. Naogopa siku ile tutafika wote huko mbinguni, mama, mimi, baba, halafu tukuulizie. Si kukushinda nataka. Nataka tu usikosekane.

KIPNGETICH: [mawe yanaporomoka]

CHERUTO: Uko?

KIPNGETICH: Niko. Natembea. Enyewe haya mawe yanakata viatu. Endelea kuongea.

CHERUTO: Ongea wewe.

KIPNGETICH: Niulize kitu. Chochote.

CHERUTO: ...

KIPNGETICH: Cheruto?

CHERUTO: [sauti ya chini] Miguu imekuwa baridi.

KIPNGETICH: Sugua. Sugua na mikono. Cheruto! Usilale!

CHERUTO: ...

KIPNGETICH: Cheruto! Nikikiri, huu mfungo utaisha?

CHERUTO: Huu? Utaisha.

KIPNGETICH: Haya.

CHERUTO: Usinibembeleze. Wewe hujawahi kunidanganya. Majibu ya baba yakitoka hospitali kila mtu alinificha, wewe pekee uliniambia ni kansa. Ndio maana ukisema, nitajua ni kweli.

KIPNGETICH: [anahema]

CHERUTO: Kip?

KIPNGETICH: Mungu ndiye aliumba kila kitu. Nyota aliziumba yeye. Baba. Mimi.

CHERUTO: Sema tena.

KIPNGETICH: Naamini, Cheruto. Naamini.

CHERUTO: [analia] Asante Yesu... Asante... Oi, kaka! Ulikuwa unanisumbua bure!

KIPNGETICH: Haya, basi. Tulia hapo hapo. Naona mapango kule ng'ambo, na moja iko na shuka nyeupe kwa mlango. Ni yako?

CHERUTO: Ni yangu.

KIPNGETICH: Dakika ishirini. Nakuletea maji.

CHERUTO: Maji? Hapana, sasa ni shukrani.

KIPNGETICH: Shukrani gani?

CHERUTO: Kwani umesahau? Ombi likijibiwa unashukuru, siku tatu kavu, bila hata maji. Hata mama alishukuru hivyo ukiitwa chuo.

KIPNGETICH: Mama alikuwa amekula jana yake! Cheruto, wewe hutafika tatu!

CHERUTO: Hapa nilikuwa nakungoja wewe tu. Shukrani nafanyia lile pango la ndani, chini, lenye Jackie aliogopa. Huko hakuna mtandao, hakuna mtu. Ni mimi na Yeye.

KIPNGETICH: Utatembea na nini?

CHERUTO: Nimepata nguvu. Skia, nimesimama! [kitu kinaanguka] Si umesikia?

KIPNGETICH: Kaa chini. Kaa chini, nilidanganya. Siamini. Nimesema tu ndio unywe maji.

CHERUTO: [anacheka polepole] Jackie aliniambia. Mtu akitoka tu kwa mikono ya adui, adui anarudi mbio amfanye akane. Hata dakika tano hazijaisha.

KIPNGETICH: Adui gani? Ni mimi!

CHERUTO: Ile ya kwanza ndio sauti yako. Hii siisikilizi.

KIPNGETICH: Cheruto, nakuomba. Hiyo shuka— unafanya nini? Usitoe hiyo shuka!

CHERUTO: Nitajifunga nayo. Huko chini ni baridi.

KIPNGETICH: Iache hapo, ndiyo tu naonea pango lako! Haya, sijakubali kitu. Hakuna siku sita. Hakuna Adamu. Nijibu! Kasirika! Tubishane mpaka jioni, nikiwa hapo mlangoni—

CHERUTO: Tubishane nini, na umeokoka? [mtandao unakwaruza] Chaji imekwisha, kaka. Bye. Mungu akubariki. Bye bye—

KIPNGETICH: Cheruto! Hilo la ndani liko upande gani? Ni kushoto? Cheruto? Kutoka huku mawe yote yamefanana. Haloo? Haloo?