Wimbo Mmoja wa Onema

Benchi letu ni taruma la reli, ule ubao mnene unaolala chini ya vyuma vya treni. Tulilibeba wenyewe kutoka stesheni ya Kindu wakati wa vita, mwaka ambao treni haikuwa na haja nalo. Anayekaa hapo anapata kikombe cha kahawa ya tangawizi kwa Sharifa na ubishi wa bure. Kuna Zéphirin, Shefu Treni, aliyekagua tiketi ujana wake wote na mpaka leo anamtazama kila mpita njia mikononi. Kuna Bulaimu, mwalimu mstaafu, tunayemwita Satelaiti kwa kuwa hakuna jambo asilolipeleka angani. Kuna Soudi fundi wa redio, jina lake la utani Moshi. Na kuna Onema, Masikio, mtu mpole anayekaa ncha ya benchi na nyuzi zake masikioni, kimashine cha muziki kikiwa kwenye mfuko wa shati. Mimi niko hapo kwa ajili ya kahawa, na kwa sababu napenda kusikia watu wazima wakipotea njia.

Asubuhi hiyo Onema alikuwa amekwenda bandarini kupokea mzigo. Kimashine chake kilikuwa gotini kwa Soudi.

Soudi: Bon, haka kamashine nimekatia betri mupya, kanatembea. Lakini ajabu ni hii: mule ndani iko wimbo moja. Moja tu!

Zéphirin: Moja aje? Mutu anasikilizaka toka asubuhi mpaka mangaribi!

Soudi: Moja, Shefu. Dakika makumi ine na tano. Kakadi ka memori ni ka zamani, kadogo, umejaa wote mule. Hakuna nafasi hata ya kukohoa.

Zéphirin: Na ile simu kubwa mutoto wake Falone alimutumia kutoka Lubumbashi? Nyimbo zote za dunia ziko mule. Unagusa, inaimba.

Bulaimu: Hapo njo unakosea. Haziko mule. Ziko Ulaya, kwenye mashine kubwa kama hii stesheni. Wewe unaazima tu. Forfait ya interneti ikiisha, wanachukua wimbo wao, wewe unabakia na kioo.

Soudi: Na hata ukiwa na forfait! Wimbo unapita juu ya pori yote, mvua inaunyeshea, unafika hapa bass imelowa. Mimi ni fundi, nasikia.

Sharifa: Acha bongo, Moshi, unatudanganya. Bass inalowa?

Soudi: Inalowa, mama. Sikiliza muziki wa simu siku ya mvua, halafu urudi kunibisha.

Bulaimu: Hiyo bado ni ndogo. Unaposikiliza simu, na simu inakusikiliza. Asubuhi unaomba wimbo wa huzuni, kule wanaandika: Kindu, mutu moja, huzuni. Saa ine, watu kumi, huzuni. Wanajua tumechoka, wanateremusha bei ya mawe ya madini ya Kalima siku ile ile. Mumeshaona bei inapanda siku watu wanacheza?

Nilitaka kucheka, lakini nilijaribu kukumbuka siku moja bei ilipopanda na watu wakicheza, nikakosa. Ndiyo ubaya wa Bulaimu.

Zéphirin: Kumbe Onema ni mujanja. Kamashine hakana antene, hakuna wa kumuandika.

Bulaimu: Mujanja sana. Na miye naona hakuna wimbo mule. Dakika makumi ine na tano za kimya! Anatia zile nyuzi masikioni ili tusimuombe aamue ubishi wetu.

Soudi: Haiwezekane. Nimeona alama, sauti inapanda, inashuka.

Bulaimu: Basi ni darasa. Anajifunza Kichina.

Soudi: Miaka yote hii, somo moja?

Bulaimu: Kichina ni kigumu, Moshi.

Hakuna aliyeweza kukisikiliza, maana nyuzi zilikuwa zimekwenda bandarini shingoni mwa mwenyewe, na kimashine hakina spika. Basi huruma ikatuingia. Mtu mzima, rafiki yetu, amebaki na wimbo mmoja kwa sababu hakuna aliyemtilia mingine! Soudi alikuwa na rumba za zamani kwenye mashine yake ya kazi, nzuri, nyimbo nane zingeingia kwenye kadi bila shida. Ila ule mmoja lazima ufutwe kwanza.

Zéphirin: Futa. Atashangaa, atafurahi. Wakati wa vita huyu alitusikilizisha sisi wote, leo tumurudishie.

Ni kweli. Enzi zile za vita treni ilikatika, mji ukafungika, na benchi zima lilikuwa na mashine moja ya kaseti, ya Onema. Majiwe ya redio, yaani betri, tuliyaanika juu ya bati yapate nguvu. Nyuzi tuligawana: sikio moja lako, la pili la jirani, na zamu yako iliisha kikombe chako kilipoisha. Watu walijifunza kunywa polepole sana. Wakati huo tulikuwa na mtu mmoja zaidi kwenye taruma hili, Mardochée, mdogo wake Zéphirin. Asubuhi moja alitoka hapa na baiskeli na vidumu viwili vya mawese, kwenda Kampene kutafuta chumvi. Hakurudi, wala baiskeli haikuonekana. Tangu hapo Zéphirin hataji jina lake, na sisi tumezoea kutolitaja.

Soudi alibonyeza. Kioo kidogo kikauliza kama kweli anataka kufuta. Kidole kilikuwa juu ya ndiyo.

Pembeni alikuwa amekaa dada mmoja juu ya begi lake, msafiri anayengoja treni ya kusini. Baadaye alituambia anaitwa Christelle. Muda wote alikuwa akitusikiliza na kikombe chake.

Christelle: Bapapa, baba zangu, samahani. Huyu papa anasikilizaka nini mule?

Soudi alimtazama Bulaimu. Bulaimu alimtazama Zéphirin. Zéphirin akanigeukia mimi, na mimi nikaangalia kahawa yangu. Tumekaa naye bega kwa bega miaka zaidi ya ishirini. Tulishabishana kwa nini anasikiliza, kwa mashine gani, na inamdhuru vipi ubongoni. Kumuuliza anasikiliza nini, hakuna. Niliona haya, nasema kweli.

Christelle alifungua begi, akatoa nyuzi zake mwenyewe.

— Hizi zitaingia?

Ziliingia. Soudi aliondoa kidole kwenye ndiyo. Kwa mazoea ya zamani tukagawana: sikio moja Zéphirin, moja mimi.

Kwanza ni mlio wa birika na vikombe. Halafu sauti ya Bulaimu, kijana, kali kweli kweli: “Treni imeshafika! Wameipaka rangi ya majani ili ndege isiione. Iko hapa stesheni, sisi njo hatuioni!” Na vicheko. Vicheko vyetu. Nilikisikia changu, cha meno yote.

Nikawaambia: — Ni sisi. Ni benchi. Alitushika kwenye kaseti, wakati wa vita.

Bulaimu: Nasema nini?

— Kwamba treni ina rangi ya majani.

Bulaimu: Ah. Nilikuwa na akili.

Zéphirin alininyamazisha kwa mkono. Kwenye kaseti alikuwa akipiga kelele yeye mwenyewe, kwamba treni haifichiki, ina uzito, ardhi ingelia. Tukasikiliza ubishi huo mpaka Sharifa akazunguka na birika mara mbili, na Zéphirin hakugusa kikombe. Kisha, karibu kabisa na mashine, sauti nyembamba iliyojaa haraka, ya mdogo anayemwita kaka yake: “Yaya, mimi natoka. Niko naenda Kampene. Yaya, unasikia?”

“Ngoja kwanza,” alisema Zéphirin wa kaseti, “nimalize na huyu.”

“Yaya. Unasikia?”

Kikasikika kishindo kidogo, halafu kimya. Zéphirin alibaki na uzi sikioni, mdomo wazi. Niliyaona machozi yake na sikugeuza uso, maana na mimi nilikuwa nalia.

Onema alitukuta hivyo. Aliweka mzigo chini, akatazama kimashine mkononi mwa Soudi, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameogopa.

— Mumefuta?

Soudi: Hapana, yaya. Hatukufuta. Ilibakia kidogo sana.

Onema akakaa mahali pake, ncha ya benchi. Alifuta jasho.

Zéphirin: Kwa nini hukuniambia?

Onema: Nilikuletea kaseti, Shefu. Ile mwaka vita iliisha. Ulisema usisikie mutu anataja lile jina mbele yako. Nikabakia naye mimi. Falone njo alimutoa kwenye kaseti, akamutia humu.

Bulaimu: Na kwa nini usimutie kwenye simu? Simu ni mupya, sauti safi.

Safari hii hakuwa anabisha. Alitaka tu kujua.

Onema: Simu inaita. Mutu anapiga, bonjour tu, na inamukatia Mardochée maneno.

Jina lilikuwa limetajwa, na Zéphirin alikuwa bado amekaa.

Zéphirin: Onema. Wewe umeisikiliza mara nyingi.

Onema: Nyingi.

Zéphirin: Anauliza kama nasikia. Mara mbili anauliza. Nilimujibu?

Onema alichukua kimashine kwa Soudi, akakipangusa na shati.

— Kaseti inaishia pale, Shefu.