Mwanamke wa Kinoo

Nilicheka hadi nikajikojolea. Siwezi kulisema kwa mafumbo. Umri wangu umeshapita mafumbo. Ilikuwa Ijumaa alasiri kwenye benchi letu pale Waithaka, kando ya steji ya bodaboda, na Kamishna alikuwa akitusimulia jinsi mpangaji wake wa Mutuini alivyomfungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Kicheko kilinitoka, na kitu kingine kikafuata. Nikaitazama suruali yangu ya kaki, nikawatazama wenzangu, nikasema kwa utulivu wa mtu aliyevuka mipaka mingi: "Aa, kahawa imenimwagikia." Shida ni kwamba Waringa, muuza kahawa, alikuwa bado ameshika birika mkononi.

— Kahawa gani, Pasipoti? Sijamimina.

Pasipoti ndilo jina langu kijiweni. Niliendesha malori miaka mingi, Kampala, Kigali, Juba, mpaka Lubumbashi, na kila mji ukaniachia hadithi. Kumbe iliniachia na mengine.

Waringa alinirushia leso bila kuongeza neno. Kamishna hakuwa na huruma hiyo. Jina lake ni Ndungu, ana nyumba za kupangisha, na serikalini hajawahi kufanya kazi hata ya kufagia, ila huongea kama anayesomea raia amri.

— Hiyo ni malori, akatangaza. Unakalia injini ya moto mchana kutwa, unabana mkojo kutoka Malaba mpaka Jinja. Haba na haba hujaza kibaba!

— Ng'ombe habani, akasema Vet. Akisikia, anaachilia hapo hapo. Ndio maana huwezi pata ng'ombe ana shida ya kibofu.

Vet ni Wachira, muuza chakula cha mifugo. Kwake hakuna ugonjwa wa binadamu ambao haukuanzia zizini.

— Kwani mimi ni ng'ombe? nikamuuliza.

— Ungekuwa ng'ombe ungekuwa umepona. Ama umeuzwa.

Wakacheka. Mimi nilicheka kwa uangalifu.

Mtu mmoja hakucheka. Mbithi, kijana wa bodaboda, alikuwa amesimama akiegemea ukuta na kikombe chake, kwa maana siku hizi haketi nasi; anasema amekalia pikipiki ya kutosha. Alisogea karibu yangu, akashusha sauti.

— Mzee Pasipoti, na hapo chini... unasikia?

— Nasikia nini?

— Ukiguswa. Unasikia kama ni mwili yako?

Nimelala kwenye foleni za mipakani na wanaume wa kila kabila. Tuliambiana bei ya dizeli, tukaambiana askari yupi anakula nini. Swali kama hilo sikuwahi kulisikia kwa yeyote kati yao.

— Mimi nasikia, nikajibu. Wewe je?

Mbithi alitazama ndani ya kikombe.

— Ilianza na ganzi. Nikishuka pikipiki jioni ni kama nilikuwa nimekalia barafu. Nikasema ni kuchoka, itaisha. Halafu usiku nayo... haiamki. Tangu Krismasi.

Benchi likafanya kile linachojua kufanya.

— Ni hizo jinzi za kubana, Kamishna akasema. Vijana mnajifunga kama chapati kwa gazeti. Wahenga walisema mficha uchi hazai!

— Ni baridi ya asubuhi, Vet akapinga. Upepo unaingilia hapo mbele, unagandisha mshipa. Na kuku wa gredi. Kuku hajawahi kuona jogoo maisha yake yote, halafu wewe unamla unategemea nini?

— Na simu kwa mfuko, Kamishna akaongeza. Na ile mlingoti ya mtandao hapo juu. Tangu waisimamishe, mimi hata mbwa wangu hajazalisha.

— Wazee, Mbithi akawakata, hiyo si shida. Shida ni kesho.

Akatueleza. Mkewe, Kavindu, ameona mume anarudi nyumbani usiku, anajitupa kwenye kochi, akija kitandani anageukia ukuta. Ameuliza, hajajibiwa. Sasa amewaita baba wadogo wa Mbithi kutoka kwao Mwala waje kesho wakae kikao, bwana aseme huyo mwanamke wake mwingine ni nani.

— Si useme hakuna? nikamwambia.

— Wataniuliza basi ni nini. Hapana, mzee. Kesho nitakubali niko na mwanamke.

— Kavindu atakuacha!

— Aniache. Heri waniite malaya. Malaya bado ni mwanaume.

Waringa aliweka birika chini.

— Mbithi, umeenda hospitali?

— Niende nimwambie nini yule msichana wa dirishani, watu wamepanga laini nyuma yangu?

Sisi, ambao tungepaswa kunyamaza, ndio tulioongea. Kamishna alisema huyo mwanamke akae Kinoo. Ni karibu kwa pikipiki lakini wazee wa Mwala hawawezi kupajua. Vet akasema awe mjane, mjane huhurumiwa. Penye wengi hapaharibiki neno, akasema, na tukaitikia. Mimi pia nilichangia. Nilimfungulia mwanamke huyo duka la nguo za watoto. Nilifikiri namsaidia kijana.

Tulikuwa tunabishana kama ana mtoto mmoja au wawili aliposhuka Kavindu kwenye steji. Anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja mjini. Alikuwa bado na vazi la kazini chini ya sweta, na mfuko wa ununuzi mkononi.

— Hamjambo, wazee. Baba Nzisa, simu yako imezimwa. Baba zako wamesema wanatoka Mwala asubuhi. Kama kuna kitu unataka kusema, sema sasa, kabla sijaanza kuwapikia.

Mbithi alitutazama. Kisha akasema, kama mtoto anayekariri:

— Niko na mtu. Kinoo.

Kavindu hakupiga kelele. Aliweka mfuko chini polepole, viazi vikasikika vikigongana.

— Anaitwa nani?

Mbithi alimtazama Kamishna. Kamishna alimtazama Vet. Vet alinitazama mimi. Tulikuwa tumempa mwanamke yule nyumba, ujane, duka na watoto. Wanaume wanne, na hakuna aliyekumbuka kumpa jina.

— Nimeuliza anaitwa nani.

Mbithi aliweka kikombe chake kwenye benchi.

— Hakuna mtu, mama Nzisa. Akashika mshipi wake, kisha paja. Kutoka hapa mpaka hapa, sisikii kitu. Sijui ni pikipiki, sijui ni nini. Nimekuwa nikikutoroka.

Machozi yalimjia Kavindu, akayafuta kwa mkono wa sweta kabla hayajashuka.

— Na ukaona heri nikuache?

Akanyoosha kiganja.

— Leta funguo za pikipiki.

Alizipokea, akamkabidhi Waringa pamoja na mfuko wa viazi, akamshika mumewe mkono mbele ya steji nzima, jambo ambalo pale Waithaka hatufanyi.

— Twende hospitali. Tutatembea.

Kamishna hakuvumilia kuona kikao kinavunjwa bila yeye kutoa amri.

— Lakini mama, na wale wazee kesho? Wakuje wote kutoka Mwala, waambiwe nini?

Kavindu hakugeuka.

— Waambiwe ni mgonjwa. Ama hilo neno pia mlikuwa hamjalipata?