Kupauka Mbele ya Daktari

“Mara ya tatu sasa daktari ananirudisha!” mama mmoja alifoka kwenye tuktuk tuliyopanda kwenda hospitalini. “Anakwangua huu upele kwa wembe, anachungulia ule unga kwa mashine, eti haoni kitu. Eti nikae wiki mbili bila mafuta, ndio nirudi.”

“Na unapakanga?” mzee aliyeketi kando yake akauliza.

“Kwani nitoke Butali nimepauka, kama sina kwangu?”

“Mama, anataka kuona ugonjwa!”

“Alisomea nini kama mafuta kidogo yanamshinda?”

Mzee akashika kichwa.

Tuktuk iliposimama langoni, mama alitoa kopo, akajipaka hadi kiwikoni, kisha akanitazama miguu kwa huruma. “Wewe nawe, pole. Jipake kidogo.”

Wiki zangu mbili zilikuwa zimeisha asubuhi hiyo.