Tumbo Lililopigiwa Makofi

Mheshimiwa Mganga Mkuu, waheshimiwa madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe mke wangu uliyenikataza kusimama hapa: salamu kwenu nyote.

Tumekuja kumuaga Daktari wetu wa upasuaji, anayestaafu leo. Nimeombwa niseme kwa niaba ya wagonjwa. Wagonjwa wenyewe hawakuulizwa.

Mimi ni mpiga tarumbeta wa bendi ya mtaa. Siku moja, nikiwahi sherehe kwa baiskeli, niliivaa meza ya muuza viatu, na ncha ya usukani ikanipiga tumboni. Ngozi haikuchanika, kumbe misuli ya ndani imepasuka. Tangu hapo, kila nilipopuliza sauti ya juu, utumbo ulipenya kwenye ule mpasuko na uvimbe mkubwa kama mkate ukatokeza chini ya shati. Nikishusha pumzi, unarudi.

Je, ndugu zangu, watu walisikitika? Walishangilia! Tukaalikwa kwenye harusi, mahafali, hata ufunguzi wa choo cha soko. Daktari aliponiambia, "Kaka, hii ni ngiri iliyotokana na jeraha, lazima ishonwe," kiongozi wa bendi alikuja juu: "Ishonwe? Na sisi tukale wapi?" Nami kwa kupenda sifa nikamsikiliza yeye.

Basi, siku ya kufungua ghala jipya, mgeni rasmi akiwa ameshika mkasi, nilipuliza, uvimbe ukatoka, ukagoma kurudi. Ukawa mgumu kama jiwe. Nikaanguka, nikatapikia utepe. Watu wakapiga makofi, wakaomba nirudie! Ni mke wangu peke yake aliyepiga kelele: "Jamani, mtu anakufa!"

Hospitalini, Daktari aliubonyeza mara moja tu. "Utumbo umebanwa, damu haipiti. Tukisubiri utaoza." Mlangoni mwa chumba cha upasuaji kiongozi wa bendi akamsihi: "Daktari, tuachie japo kauvimbe kadogo."

"Nitawaachia mtu," akajibu. "Nipishe."

Akaurudisha utumbo ukiwa bado mzima, akaishona misuli, akaiimarisha kwa wavu maalumu wa kitabibu. Nilipopona, nilikwenda kliniki na tarumbeta yangu; aliweka kiganja juu ya kovu langu, akasema, "Puliza kwa nguvu zako zote." Nikapuliza mpaka foleni nzima ikasimama. Tumbo halikutikisika. Akatabasamu, kisha akaniambia kwa upole: "Ukuta umeshika vizuri. Lakini kaka, tarumbeta hujui kupiga."

Waheshimiwa, muda wote ule hakuna aliyekuwa akisikiliza! Yeye ndiye wa kwanza kunisikia. Sasa najifunza upya, kwa mwalimu mwenye umri sawa na wa mwanangu, na mke wangu ameniruhusu kufanyia mazoezi bafuni.

Daktari, ulinirudishia uhai, ukaninyang'anya umaarufu. Kwa yote mawili nakushukuru. Juzi nilipokuuliza nikuage kwa wimbo gani, ulifikiri sana, ukasema, "Toa hotuba."

Nimeitoa. Ahsanteni kwa kunitegea masikio.