Kikombe Juu ya Sabufa

Kila Jumatatu saa nne asubuhi, redio husoma majina ya watu waliopotezana na ndugu zao walipokimbia Burundi, na watu wa kambini huja kusikiliza kwenye benchi la kahawa la Yahaya, hapa Rulenge. Kiredio chake kilikuwa hakiwafikii wa nyuma. Jumatatu iliyopita mama mmoja alisimama ng'ambo ya barabara mpaka majina yakaisha, akaondoka bila kujua kama lake limo. Jambo hilo lilimkaa Yahaya rohoni. Akauza baiskeli, akaagiza sabufa, spika kubwa ya besi, kutoka Kahama, na leo kaiunga na redio. Majina yameshaanza kusomwa, na benchi zima linatetemeka.

— Besi imezidi, akasema Renatus, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kumshikia tochi fundi wa kinanda misheni. Weka kikombe cha kahawa juu yake. Kahawa ikitulia, ujue sauti imekaa sawa.

Yahaya akaweka. Kahawa ikacheza mpaka ikamwagika.

— Umeiweka kwenye kona ya ukuta, akasema Injinia. Kona inaikuza besi. Itoe.

Wakaitoa. Redio ikasema, "Mmbu mmbu, wa tarafa ya mmbu."

— Debe tupu haliachi kuvuma, akasema Desderius, ambaye wanamwita Diwani ingawa ameshindwa uchaguzi mara tatu. Ina tundu huku nyuma. Mimina maharage.

— Mabichi au ya kuchemsha?

— Yahaya, huu ni utaalamu. Makavu.

Zikaingia kilo mbili.

— Sasa inalia kama kayamba, akasema Yahaya.

— Hiyo ndiyo trebo, sauti nyembamba, akasema Injinia. Ulikuwa huna.

Diwani alikuwa ameshahamia wazo jingine.

— Ndizi za pombe tunazifanyaje? Tunazifukia shimoni, zinaiva. Besi hii ni mbichi tu. Mvumilivu hula mbivu. Leteni jembe.

Jembe likaja. Sabufa ikafukiwa hadi kiunoni, kikombe kikarudishwa juu, na wote watatu wakapiga magoti kukitazama.

— Inatulia, akanong'ona Injinia.

— Nilisema, akajibu Diwani.

— Hodi, wazee.

Yahaya akainua kichwa. Alikuwa yule mama wa ng'ambo ya barabara, miguu imejaa vumbi la njia ya kambini.

— Samahani, baba. Nimechelewa kidogo. Jina la Sindayigaya limesomwa?

Injinia akamwangalia Diwani. Diwani akaangalia jembe. Yahaya akauchomoa waya wa sabufa, na kile kiredio kikasema taratibu, kila neno mahali pake:

"Na hayo ndiyo majina ya leo. Tukutane tena Jumatatu."

Yahaya aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

— Kaa, mama, unywe kahawa.

— Asante, baba. Jumatatu nitawahi, nikae karibu na redio.

Akageuka, akashika njia ya kambini. Walimtazama mpaka akapotea kwenye migomba. Juu ya sabufa, kahawa ilikuwa imetulia kabisa.