Zuhra wa Lifti

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, ongezeni sauti ya redio hata jirani asikie. Ni mimi Tabu Sadala. Leo namkumbuka Zuhra binti Mtoro wa Kiongoroni, kule mwisho wa delta, tuliyemzika juma lililopita. Wengi mlimjua kwa jina la Zuhra wa Lifti. Jina hilo hakupewa bure.

Mama yake, Bi Mashavu, alifariki kwa uzazi akiwa njiani kwenda hospitali. Maji yalikupwa, mtumbwi ukakaa matopeni, wakabaki kusubiri maji yajae. Zuhra alikuwemo mtumbwini, mtoto mdogo, amekishika kichwa cha mama yake.

Kwa hiyo mwaka tisini na tatu, dada yake Zuena aliposhika mimba, Zuhra alikosa raha. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari huku Kibiti. Ilikuwa enzi ya ruksa. Maduka yamejaa, mitumba imejaa, na mashine za boti zipo kwa mwenye nazo. Kiongoroni nani alikuwa nazo?

Basi yeye na binamu yake Twalibu wakawaendea wafanyabiashara wa mpunga na ufuta pale Ikwiriri. Wakawaambia: tutakwenda Lindi na kurudi kwa kuomba lifti, bila senti mfukoni. Tutawaletea chumvi ya huko mjue tumefika. Nanyi mtununulie mashine ya boti, ya kuwawahisha wajawazito hospitali. Bwana Sufiani, mwenye ghala, alicheka hadi kofia ikamwanguka. "Haya nendeni," akasema. "Mkirudi na chumvi, nitawachangisha wenzangu."

Wakaenda. Bila senti, wasikilizaji! Mvua za masika zikawakuta huko huko. Barabara ya kusini ikakatika. Kiongoroni zikafika habari kwamba lori limepinduka ng'ambo ya kivuko, na watu wameumia. Watu gani? Hakuna aliyejua. Zuena anakumbuka: "Kila aliyeteremka chomboni nilimuuliza. Baba hali, halali. Na mimi na tumbo langu nikawa najiambia, mdogo wangu kafa kwa ajili yangu."

Hawakuwemo kwenye lori lile. Walirudi juu ya magunia ya ufuta, wamelowa chepechepe, baada ya kusukuma magari ya watu na kulala misikitini na kwa wasamaria. Zuhra akafungua pindo la kanga mbele ya Bwana Sufiani. Tupu. Chumvi yote imeyeyuka kwa mvua! Mtoto wa delta, aliyekulia kwenye maji ya chumvi, kasahau kwamba chumvi huyeyuka. Akasimama pale, anamuwaza dada yake. Bwana Sufiani akalishika pindo lile, akalilamba, akatema mate.

"Chumvi hii," akasema. "Na matope ya Lindi yamo."

Mashine ikanunuliwa, ikafungwa kwenye boti ya kijiji. Zuena akajifungua salama hospitalini. Na boti ile ikawa boti ya wazazi wa delta nzima, hadi leo.

Juma lililopita homa ilimchukua Zuhra hapa Kibiti. Jeneza likafikishwa gatini Nyamisati, likapakiwa kwenye boti ile ile. Kaburi limeshachimbwa Kiongoroni, maji yameanza kupwa. Ndipo akaja mtu na mtumbwi, anapiga kafi kama anayefukuzwa. Mkewe, Zamda, yuko kwenye kisiwa cha upande mwingine, ana uchungu tangu jana, na mtoto amekaa vibaya.

Watu wakatazamana. Maiti haicheleweshwi, kila Mwislamu anajua. Zuena ndiye aliyesema: "Mshusheni mdogo wangu."

Akashushwa. Boti ikaondoka. Wakabaki gatini na jeneza, wanayatazama maji yanavyokimbia na matope yanavyoanza kuonekana. Zuena aliniambia, "Tabu, niliogopa. Nilimwona mama tena."

Ikapita mashua tupu iliyokuwa imetoka kushusha boriti. Twalibu, mtu mzima sasa, akasimama ukingoni akanyoosha mkono, kama walivyonyoosha zamani barabarani. Nahodha hakumjua mtu yeyote pale. Akageuza chombo, akaliona jeneza. Hakuuliza nauli.

"Pandisheni," akasema.

Zuhra akarudi kwao kwa lifti, wasikilizaji wapendwa. Bila senti. Na boti ilimuwahi Zamda. Mama na mtoto ni wazima.

Tunampa pole Mzee Mtoro. Tunampa pole Zuena, na mume wa marehemu, Bwana Fikirini. Mwenyezi Mungu amrehemu Zuhra, ailaze roho yake pema. Nawe mwenye gari, mwenye boti, hata mwenye baiskeli, ukiona mkono umenyooshwa njiani, usikimbilie kusema huyu mvivu hana nauli. Simama kwanza umsikilize. Huenda hajiombei mwenyewe.