Netta Alale Wapi

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya mgahawa wa Renzo, Springburn, kaskazini mwa Glasgow. Mvua ikinyesha hatuhami, tunasogea tu ukutani. Wa kudumu ni wanne. Kuna Tam Usukani, aliyeendesha mabasi ya jiji hili mpaka akastaafu, na hadi leo anakanyaga breki akiwa amekaa na kikombe chake. Kuna Shugi Mawingu, anayejua mvua ya kesho lakini ya leo humkuta bila koti. Kuna Netta, mjane mwenye ulimi mkali na moyo laini. Na mimi, Kamusi, jina nililobandikwa kwa kupenda ubishi. Asubuhi moja Netta alikuja na habari: wanawe wamemchangia siku mbili za hoteli kwa kutimiza miaka sabini, hapa hapa Glasgow, achague mwenyewe mtaa. Graeme, mwanawe mkubwa, angepiga simu wakati wowote kusikia jibu. Asipokuwa nalo, wangempeleka hoteli ya karibu na uwanja wa ndege, yenye bwawa la kuogelea, na Netta maji anayapenda kwenye chai tu.

— Hoteli Glasgow? Shugi akashangaa. Kwani kitanda huna?

— Ninacho. Nimekuuliza mtaa, Shugi, kitanda changu kiache.

Tam akakohoa kama mtu anayetaka kutoa hotuba.

— Dada, swali hilo ni la dereva. Unatafuta hoteli pale basi linapoanzia safari. Ukipanda hapo siti zote zako, unachagua kama malkia.

— Na linaanzia wapi?

— Gereji.

— Nikalale gereji, Tam? Na miaka yangu sabini?

— Jirani na gereji! Usalama wa uhakika. Mwizi gani ataiba mbele ya madereva arobaini wanaokunywa chai?

— Madereva arobaini waliosinzia, nikamwambia.

— Wewe Kamusi nyamaza, hata baiskeli ilikushinda.

Shugi akaweka kikombe chini. Akifanya hivyo ujue sayansi inakuja.

— Sikilizeni. Wingu linatoka baharini, upande wa magharibi. Limebeba maji, limechoka. Likifika kule kwa matajiri wa magharibi linatua mzigo wote. Likija mashariki halina kitu. Kwa hiyo Netta alale Dennistoun, atoke asubuhi nywele zake zimetulia.

— Shugi, mimi nimezaliwa Dennistoun. Nilivyolowa njiani, padri angeweza kunibatiza bila kugusa bomba.

— Mawingu ya zamani hayo. Ya sasa ni mavivu. Hebu niambie, ile bustani kubwa ya mimea kule magharibi, unadhani nani aliipanda?

— Watu wa jiji.

— Wapi! Ile ilikuwa sebule ya tajiri. Aliacha dirisha wazi wiki moja, ikaota.

Renzo, aliyekuwa anafuta meza ndani, alicheka mpaka akaegemea mlango. Nami nikaona zamu yangu imefika.

— Acheni kamba zenu. Hoteli huchaguliwa kwa kifungua kinywa. Netta avuke mto, akalale kusini. Kule mkate na soseji ya mraba vinatengenezwa na watu wanaojiheshimu.

Benchi zima likanigeukia.

— Avuke mto? Tam akashika kifua. Huyu ni mama wa watu, bwana!

— Si kuna daraja? nikauliza.

— Binamu yangu alihamia kusini, akasema Shugi kwa huzuni. Siku hizi tunaonana misibani tu.

— Na soseji ya mraba iko hata hapa kwa Renzo, Tam akaongeza.

— Ya kusini ina pembe zaidi.

Nilijua nimezidisha, lakini kijiweni kwetu harudi mtu nyuma. Netta alicheka pamoja nasi, kisha akaanza kuzungusha kikombe chake mkononi. Kila mtaa tuliomtajia aliukataa. Simu ilikuwa magotini pake.

Hapo ndipo alipotokea kijana mrefu anayeburuta sanduku, kalowa chapachapa.

— Samahani, kinyozi yuko wapi? Nimepanga chumba juu ya duka lake.

— Umepanga? Hapa? Tam akauliza. Mwanangu, nani kakudanganya?

— Picha, akasema kijana. Niliona milima dirishani. Mimi ni Mdenmaki, kwetu milima hakuna. Na wewe, mama, dirishani kwako unaona nini?

Jibu tulilijua. Sisi ndio tuliombebea Netta mizigo alipohamishiwa ghorofa ya chini.

— Mapipa ya taka, Netta akasema. La kijani, la bluu na la kahawia. Zamani nilikuwa naamka na milima yako hiyo hiyo. Nikiwasha birika, ipo. Theluji ikianguka kule, mimi ndiye wa kwanza mtaa mzima kuiona. Marehemu mume wangu Dougie alikuwa ananyolea ndevu dirishani, kioo hana habari nacho.

— Ulikuwa unaishi wapi?

Wote wanne tukanyanyua mikono kwa pamoja, tukaonyesha juu, juu kabisa ya uwanja wa nyasi ng'ambo ya barabara. Pale hakuna kitu, ni anga tu. Siku walipoliangusha lile jengo refu, Netta alikokuwa anakaa ghorofa ya ishirini na mbili, tulisimama hapa hapa na kuona nyumba za watu zikigeuka vumbi. Waliokuja kutazama walishangilia. Sisi hatukushangilia.

Mdenmaki alitazama pale angani kwa adabu, muda mrefu.

— Kwani mjini, akauliza, hoteli gani ni ndefu na ina madirisha yanayotazama huku?

Hakuna aliyejua. Tam amezipita hoteli zote akitazama barabara, Shugi akitazama mawingu, mimi nikitazama sahani. Nilijiona mjinga na soseji yangu.

Simu ikalia.

— Mama, sauti ya Graeme ikasikika benchi zima, umeshachagua mtaa?

Netta hakuondoa macho pale juu.

— Mtaa chagua wewe, mwanangu. Mimi nataka ghorofa ya ishirini na mbili, na dirisha litazame kwetu.